Wapeni Walimu, Sio Kinyago

Makamanda, mwezi uliopita kwenye kundi letu la WhatsApp la vijana wa kata ilizunguka picha moja. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mzee mwenye mvi, amesimama mbele ya ukumbi akiwa ameshika kinyago cha mti. Kwenye wilaya yetu kinyago hicho hupewa shule iliyoshika mkia kwenye matokeo ya darasa la saba. Pembeni yake yuko mwenzake wa shule nyingine ya kata hiyo hiyo, ameshika kamba ya mbuzi. Mbuzi ndiyo zawadi ya mshindi. Nyuma yao wakubwa wanacheka mpaka magego yanaonekana.

Na sisi tulicheka. Nasema ukweli kwa sababu wengi mnaosoma hapa mlikuwemo kwenye lile kundi. Mmoja aliandika "maendeleo hayana chama" kwa kejeli, mwingine akasema diwani wao naye achongewe cha kwake. Hata mimi niliweka kicheko kimoja. Ndipo nikaikuza picha, nikamtambua yule mzee. Ndiye aliyenifundisha kusoma.

Sitaitaja kata wala shule. Siogopi mtu, ila naijua hii nchi: nikitaja, barua ya kujieleza haitaenda kwa mkurugenzi wala kwa waziri, itaenda kwa yule mzee. Kwa hiyo shule ya mbuzi nitaiita Sokoni na shule ya kinyago nitaiita Mlimani. Sokoni iko kando ya lami, umeme upo, mtandao unashika, na daladala za kwenda mjini zinasimama getini. Kwenda Mlimani unapanda kwa miguu saa moja na nusu kama kumekauka. Mvua ikinyesha, bodaboda wanakataa.

Zote mbili ni shule za serikali. Mwajiri mmoja, mtaala mmoja, mtihani mmoja, mhuri mmoja wa halmashauri. Zimetofautianaje mpaka moja ikapewa mbuzi na nyingine kinyago? Hilo ndilo swali ambalo ukumbi mzima ule haukuliuliza, na sisi wa upinzani, kwa kucheka, tukawasaidia kutoliuliza.

Niwape picha ya Mlimani, kwa namba za mviringo ili hesabu iende vizuri. Watoto ni kama mia nne. Walimu ni watano, mwalimu mkuu akiwemo. Madarasa ni manane ukihesabu la awali. Sasa fanya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza: walimu watano kwenye madarasa manane, maana yake kila saa ya kila siku kuna madarasa matatu ambayo hayana mtu mzima ndani. Hapo hakuna mwalimu aliyeumwa, aliyejifungua, aliyeitwa kwenye semina wala aliyeshuka mjini kufuata mshahara benki. Mmoja akishuka, madarasa yanakuwa manne.

Kiwango cha serikali yenyewe kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa kiwango hicho Mlimani inatakiwa kuwa na walimu tisa. Sokoni ina watoto kama mia tisa na walimu kumi na saba, kwa hiyo nayo inapaswa kuwa na ishirini. Hata huyo mshindi wa mbuzi anadai. Lakini Sokoni mwalimu mmoja anabeba watoto hamsini na kidogo, Mlimani anabeba themanini. Halafu mnawapanga kwenye mstari mmoja, mnapiga filimbi, na anayefika wa mwisho mnampa kinyago.

Najua jibu la wakubwa, nimelisikia tangu nikiwa mdogo: "Walimu hawapendi kukaa huko." Kweli hawapendi. Lakini kwa nini wapende? Nyumba ya mwalimu Mlimani ni moja, na paa lake lilishaanza kufunguka nikiwa darasa la tatu. Mwalimu wa kike akipangiwa pale anatafuta chumba kwa mwanakijiji, anachota maji na wanafunzi wake kisima kimoja, na mwenza wake yuko mkoa mwingine. Mwaka haujaisha, uhamisho wa kufuata mwenza umetoka. Simlaumu, ningekuwa mimi ningehama. Ninayemlaumu ni yule anayekaa ofisini na orodha ya walimu mkononi, anaona shule moja ina watano, nyingine kumi na saba, na walimu wapya wakija anawapeleka tena kwenye lami kwa sababu huko ndiko wageni wanakopita. Mwenge ukija unapita wapi? Madarasa mapya yanazinduliwa wapi? Mnakumbuka zile fedha za UVIKO za mwaka 2021, mkopo wa IMF, uliotangazwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima? Madarasa yalijengwa, sitabisha, nimeyaona kwa macho yangu. Ila darasa halifundishi. Ukijenga chumba bila mwalimu umewapa watoto mahali pazuri pa kupigia kelele.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo propaganda ya "elimu bila malipo" inapojificha.

Ada ya shule ya msingi haikufutwa mwaka 2016 kama chawa wanavyowaambia. Ilifutwa na MMEM kuanzia 2002. Kilichokuja na Waraka Na. 5 wa 2015, ukaanza kazi Januari 2016, ni kufuta michango ya lazima na ada ya sekondari mpaka kidato cha nne. Kidato cha tano na sita wakafuata kwenye bajeti ya 2022/23. Hilo ni jambo jema na mpinzani mwenye akili halikatai. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la saba mwaka huo na nilinufaika nalo. Lakini tazama kiasi kilichowekwa badala ya michango. Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo 10,000 ilipangwa enzi za MMEM, wakati dola kumi zilikuwa kama shilingi elfu kumi. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, miaka kumi na nne baadaye, kiwango kilikuwa kile kile. Bei ya chaki ilibaki ile ile? Bei ya saruji je?

Piga hesabu ya Mlimani. Elfu sita mara mia nne ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Gawa kwa kumi na mbili: laki mbili kwa mwezi. Hiyo ndiyo ya chaki, karatasi, mitihani ya majaribio, michezo, kufuli la ofisi na bati lililong'oka. Zama hizo hizo ilikuja pia posho ya madaraka kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nayo ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Simwonei wivu yule mzee, hata wangempa mara mbili anastahili. Nasema tu kwamba serikali imeona kuongoza ile shule kunagharimu sawasawa na kuiendesha shule nzima na watoto wake mia nne.

Sokoni kwa hesabu hiyo hiyo inapata laki nne na nusu. Si nyingi. Ila Sokoni ina kitu ambacho Mlimani haina: wazazi wenye vibanda. Pale wazazi walikaa kikao, wakakubaliana "mchango wa hiari". Kwa mchango huo wanawalipa vijana wawili waliomaliza ualimu na hawajaajiriwa wafundishe darasa la nne na la saba, wanapika uji, wanachapisha mitihani kila mwezi, na watoto wa darasa la saba wanabaki jioni. Mchango wa hiari, lakini jaribu kutolipa uone. Mlimani nao waliitisha kikao. Kahawa ilikuwa haijauzwa. Wakakubaliana kila kaya ilete debe la mahindi, yakaletwa kwa miezi miwili, kisha njaa ikaingia majumbani na debe likabaki nyumbani.

Kwa maneno mengine, ada haikufa bali imebadilishwa jina. Shule ya wenye uwezo kidogo inajilipia, shule ya maskini inasubiri serikali, na mwisho wa mwaka tunazilinganisha kama vile zote zimesubiri serikali. Yule mbuzi alinunuliwa na wauza mitumba wa pale sokoni, na picha akapiga mkuu wa wilaya.

Hili la kulinganisha shule lina historia yake. Mwaka 2013 serikali ilileta Matokeo Makubwa Sasa. Shule zote zikaanza kupangwa kwa nafasi, kiwilaya na kitaifa, na rangi zake: kijani, njano, nyekundu. Mlimani ilikuwa nyekundu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka neno "nyekundu" lilivyotembea kijijini kama habari ya msiba. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliuchunguza baadaye mpango ule wa kupanga shule. Niwe mkweli, kwa sababu tukianza kuficha yasiyotupendeza tutafanana nao: walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani kwenye wilaya zao ziliongeza ufaulu kweli. Aibu ilifanya kazi. Lakini walikuta pia kwamba shule hizo hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofanya mtihani. Umeelewa hapo? Njia rahisi ya kupandisha wastani ni kuhakikisha mtoto dhaifu hafiki chumba cha mtihani. Na kwenye kijiji kama chetu, mtoto dhaifu ni nani? Ni yule anayekosa shule siku ya mnada, wakati wa kuchuma kahawa, au mama akijifungua na nyumbani hakuna mtu mwingine wa kubaki.

Aibu ikizidi huwa inatafuta mgongo. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru askari polisi awacharaze viboko walimu 19 wa shule za msingi kwa sababu wanafunzi wao walifeli. Watu wazima, walimu, wanachapwa bakora. Rais Kikwete alimfukuza kazi, na alifanya vyema. Lakini kile kinyago kina tofauti gani na ile bakora? Naona tofauti moja tu: kinyago hakiachi alama, kwa hiyo hakuna atakayefukuzwa kazi.

Hata Baraza la Mitihani limeona. Januari 2023 lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ukumbi wetu wa wilaya haujapata hiyo taarifa. Na niwaulize wenzangu: kurasa zetu za vijana zimeipata? Kila matokeo yakitoka sisi ndio wa kwanza kuposti jedwali, tunazungushia wekundu shule za kata za mbunge wa chama tawala, tunaandika "haya ndiyo maendeleo". Tunadhani tunampiga mbunge. Mbunge watoto wake hawako pale. Anayepigwa ni mtoto wa kidato cha pili anayefungua simu ya kaka yake na kuona jina la shule yake linachekwa na watu wanaosema wanampigania.

Kuna wengine, hasa wale wa uchumi mliojaa kwenye hili jukwaa, watasema suluhisho ni kuongeza ruzuku tu, basi. Natamani ingekuwa hivyo. Kati ya 2013 na 2014 Twaweza waliendesha jaribio la KiuFunza, shule 350 kwenye wilaya kumi. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Kundi lingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Zile shule zilizopewa pesa peke yake, watoto hawakusonga. Waliosonga vizuri ni wale ambao shule ilipata pesa na mwalimu akapewa sababu. Kwangu mimi maana yake ni moja: chaki bila mwalimu ni vumbi, na mwalimu bila chaki ni mtu anayepiga soga. Mlimani haina hiki wala kile.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Mimi ni mtoto wa Mlimani. Nilisoma pale mpaka darasa la nne. Dawati langu nilikaa na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ananizidi miezi mitano. Hesabu alikuwa ananiacha mbali. Kazi zangu nyingi za kugawanya kwa njia ndefu zilikuwa za kwake, niligeuza tu mwandiko. Shule ilipopakwa ile rangi nyekundu, mama yangu aliingiwa na hofu. Shangazi yangu alikuwa na kibanda cha nguo sokoni. Mama akashuka, wakaongea, na Januari 2014 nikaandikishwa Sokoni kama mtoto anayeishi kwa shangazi. Ulikuwa uongo, kwa sababu Ijumaa nilipanda nyumbani na Jumatatu alfajiri nikashuka. Mama mkubwa hakuwa na shangazi wa kumkopa, kwa hiyo dada akabaki.

Mwaka 2016 tulifanya mtihani mmoja, siku moja, maswali yale yale. Mimi leo nasoma sheria chuo kikuu. Yeye hakuchaguliwa. Muhula wa mwisho, mwalimu wao wa Hisabati alikuwa likizo ya uzazi, na wakamaliza mada tatu za mwisho kwa kunakili ubaoni, mwanafunzi mmoja akisoma kitabu kwa sauti. Huyo mwanafunzi aliyesoma kwa sauti alikuwa yeye.

Kwa hiyo mtu akiniambia shule zinatofautiana kwa sababu ya "juhudi za watoto na mwamko wa wazazi", kama alivyosema mkubwa mmoja siku ya kinyago, namwangalia tu. Mwamko wa mama yangu ulikuwa nini? Ulikuwa shangazi mwenye kibanda.

Na kuna hesabu nyingine hapo ambayo nimeielewa nikiwa mtu mzima. Nilipohama, nilihama na elfu sita yangu. Ruzuku inamfuata mtoto. Kila mzazi mwenye ndugu kwenye lami akimhamisha mwanawe, Mlimani inapoteza mtoto, inapoteza pesa ya mtoto, na inapoteza mzazi mwenye sauti kikaoni. Anayebaki ni yule asiye na pa kumpeleka mwanawe, na huyo hajui hata ampigie nani simu. Mwaka unaofuata wastani unashuka, jedwali linatoka, mzazi mwingine anaogopa, anahama. Halafu afisa anaandika kwenye ripoti kwamba Mlimani haihitaji walimu zaidi kwa sababu uandikishaji unapungua.

Mtaniuliza: wewe si mwanasheria mtarajiwa, kwa nini msiende mahakamani? Hili nalo linaniuma, labda kuliko yote. Fungua Katiba ya 1977, ibara ya 11. Ibara ndogo ya tatu inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu katika ngazi zote. Fursa sawa. Siku niliyoisoma mara ya kwanza nilitaka kuiprinti nikaibandike kwenye mlango wa Mlimani. Kisha mhadhiri akatuambia turudi nyuma kidogo, ibara ya 7, ibara ndogo ya pili. Inasema masharti ya sehemu ile hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Yaani ahadi ipo, imeandikwa vizuri, na chini yake wameweka kufuli. Jirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010, ibara ya 53, kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mtu anaweza kwenda Mahakama Kuu kuidai. Shule zao nazo zina matatizo yake, sisemi ni peponi. Lakini mzazi wa kule ana mlango wa kugonga.

Sisi tunabaki na ibara ya 13, usawa mbele ya sheria, ambayo mahakama inaweza kuisimamia. Rebeca Gyumi aliitumia kupinga ndoa za wasichana wa miaka 14 na 15, akashinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019. Njia ipo, ila nyembamba, na mwaka 2020 waliibana zaidi: sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilirekebishwa, anayefungua shauri akatakiwa aape na kuonyesha jinsi jambo lilivyomgusa yeye binafsi. Mimi nikiwa chuoni halinigusi. Linamgusa mama wa Mlimani mwenye jembe, na huyo ndiye mliyetaka aape kiapo, aajiri wakili na aishtaki serikali ambayo mtendaji wake wa kata ndiye anayemgongea mhuri wa barua ya mikopo ya kikundi.

Ndiyo maana hili ni jambo la siasa, na ndiyo maana naliandika hapa na si kwenye jarida la chuo. Katiba mpya tunayoidai si wimbo wa mkutano wa hadhara. Kwangu mimi katiba mpya ni kuliondoa kufuli la ibara ya 7 kwenye elimu, ili mwalimu watano kwa watoto mia nne liwe kosa linaloshtakiwa badala ya kuwa kichekesho cha ukumbini.

Na kabla ya hiyo katiba kuna mambo ambayo hayasubiri. Kwa mtaala mpya, watoto walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Wale wa mbele yao watamaliza la saba mwaka huo huo. Madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kama Sokoni na Mlimani zitaingia kwenye msongamano ule zikiwa hivi zilivyo, mnajua ni watoto wa shule ipi watakaokosa nafasi ya kukaa. Sera inasema elimu ya lazima itakuwa miaka kumi. Lazima kwa mtoto, sawa. Kwa serikali je?

Mwaka huu mtoto wa kwanza wa dada yangu anatimiza umri wa kuanza darasa la kwanza. Alinipigia simu wiki ya kile kinyago. Hakuniuliza habari za Katiba. Aliniuliza: "Mdogo wangu, shangazi bado ana kile kibanda?"

Nilimjibu bado anacho. Nikamwambia ampeleke Sokoni. Ndiyo, mimi ninayeandika haya. Nilikata simu nikakaa kitandani nikijiona mnafiki, lakini sikumpigia kubadilisha, kwa sababu mtoto ana darasa la kwanza moja tu na siwezi kumtumia kama bango langu la maandamano. Mtakaonisema kwenye maoni, semeni.

Ila siku mbili baadaye alinirudia mwenyewe. Amefikiri, na hajaamua. Anataka kwanza kujua mambo ambayo hakuna mkutano wa kijiji uliowahi kumwambia: kila shule ya kata ina walimu wangapi, wapya wamepelekwa wapi kwa miaka mitatu iliyopita, na ruzuku ya kila shule imeingia lini na kiasi gani. Taarifa za ruzuku zinatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za shule. Ubao wa Mlimani una ratiba ya zamu ya usafi. Nikamwambia kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia yeyote anaomba kwa maandishi, na ofisi ya umma ina siku 30 za kujibu. Akasema basi niandike, atasaini yeye.

Nimeandika, ukurasa mmoja, hakuna tusi wala jina la chama. Alishuka nayo Jumanne, akakaa kwenye benchi la halmashauri kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, akaulizwa mara tatu ametumwa na nani. Masjala wakapokea mwishowe. Alinitumia picha ya nakala yake yenye mhuri, na tarehe inasomeka vizuri. Leo ni siku ya tisa. Yeyote kati yenu ambaye kata yake ina shule yake ya kinyago, nitumieni ujumbe nitawapa nakala ya barua, mbadilishe majina ya shule tu.